Tasnifu Zilizoijenga Kompyuta

Ukimuuliza mtu kompyuta imetoka wapi, aghalabu atakutajia kampuni: IBM, Apple, Microsoft. Hakosei, ila ameruka hatua. Kabla kampuni haijauza kitu, yupo aliyeketi na kalamu akakipigia hesabu, na mara nyingi huyo alikuwa mwanafunzi aliyetaka tu kumaliza masomo yake. Masimulizi haya ni ya wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani, MIT katika jimbo la Massachusetts na Chuo Kikuu cha Utah, kati ya mwaka 1936 na 1975. Walipokezana kijiti: aliyesimamiwa jana ndiye aliyemsimamia mwingine kesho, na kazi ya mmoja ikawa somo la kwanza la mwenzake.

Rilei na mantiki

Claude Shannon alizaliwa mwaka 1916 huko Petoskey, Michigan, akakulia Gaylord, mji mdogo wa jimbo hilohilo. Mwaka 1936 alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na shahada mbili, moja ya uhandisi wa umeme na nyingine ya hisabati. Alikuwa bado hajaamua aelekee wapi alipoona kadi ya tangazo imebandikwa ubaoni: MIT ilitafuta msaidizi wa kuendesha mashine ya hesabu ya Profesa Vannevar Bush. Akaomba kazi, akaipata, na pamoja nayo nafasi ya kusoma shahada ya uzamili.

Mashine ya Bush haikufanana na kompyuta ya leo. Ilijaza chumba kizima kwa mihimili ya chuma, diski, magurudumu na mota. Wanasayansi walileta milinganyo ya vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, na kazi ya Shannon ilikuwa kuyapanga magurudumu ili mzunguko wake ulingane na mlinganyo ulioletwa, kisha kuisubiri mashine ichore jibu. Kilichomvutia zaidi hakikuwa magurudumu. Kando yake palikuwa na saketi ya udhibiti yenye rilei zaidi ya mia moja. Rilei ni swichi inayofungwa au kufunguliwa na sumaku ya umeme. Ina hali mbili tu: umeme unapita, au haupiti.

Rilei hazikuwa kitu kigeni. Mitambo ya simu ya miji mikubwa iliendeshwa kwa maelfu ya rilei. Kilichokosekana ni kanuni ya kuzipanga. Mhandisi alichora mtandao wake kwa uzoefu, akaujaribu, ukigoma akahamisha waya, akajaribu tena. Hakukuwa na njia ya kujua kama kazi inayofanywa na swichi 20 ingeweza kufanywa na 12.

Shannon alikumbuka jambo alilolisoma katika somo la mantiki kule Michigan. George Boole, Mwingereza aliyefundisha hisabati Cork, Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoonyesha kwamba hoja za mantiki zinaweza kuandikwa kwa aljebra. Sentensi ni kweli au si kweli. Maneno "na", "au" na "si" yanakuwa alama za hesabu. Kwa zaidi ya miaka 80 kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati. Majira ya joto ya mwaka 1937 Shannon alifanya kazi katika maabara za Bell mjini New York, kwenye kitovu cha teknolojia ya simu, na mambo hayo mawili yakakutana kichwani mwake.

Hoja yake inaingia katika mistari michache. Kila swichi ipe herufi. Ikiwa imefungwa na umeme unapita, thamani yake ni 0. Ikiwa wazi, ni 1. Ukiunganisha swichi mbili kwa mfululizo, njia inakatika mojawapo ikiwa wazi: huko ni kujumlisha katika aljebra ya Boole. Ukiziunganisha sambamba, njia inakatika pale tu zote mbili zinapokuwa wazi: huko ni kuzidisha. Basi mchoro wowote wa nyaya unaweza kuandikwa kama fomula. Fomula hurahisishwa kwa kalamu mezani, na ile fupi hugeuzwa tena kuwa mchoro, wenye swichi chache na kazi ileile.

Mwishoni mwa tasnifu aliweka mifano. Mmoja ni kufuli ya umeme inayofunguka ukibonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Mwingine ni saketi inayojumlisha namba zilizoandikwa kwa 0 na 1 pekee. Saketi ya aina hiyo, ikiwa imetengenezwa kwa transista badala ya rilei, imo ndani ya kila kompyuta na kila simu ya mkononi leo.

Aliiwasilisha kazi hiyo Agosti 1937 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1938 ilichapishwa katika jarida la wahandisi wa umeme, na baadaye ikapata tuzo ya Alfred Noble, ambayo ni ya vyama vya wahandisi wa Marekani na haina uhusiano na Nobel ya Sweden. Haki inataka isemwe pia kwamba Akira Nakashima nchini Japani na Victor Shestakov mjini Moscow waliifikia hoja hiyohiyo kila mmoja kwa njia yake, katika miaka hiyohiyo. Yule ambaye kazi yake ilisomwa mapema na wahandisi wengi ni Shannon.

Insha badala ya mtihani

Miaka 11 baadaye, mwaka 1948, Shannon akiwa mtafiti wa Bell alichapisha nadharia ya mawasiliano. Humo alieleza kwamba habari yoyote, iwe sauti, maandishi au picha, inaweza kupimwa kwa kipimo kimoja, yaani biti, na kwamba upo mpaka ambao ujumbe hauwezi kufupishwa zaidi yake bila kupoteza kitu. Mpaka aliuonyesha. Njia ya kuandika msimbo bora kabisa kwa herufi ulizopewa hakuipata. Robert Fano, mzaliwa wa Turin, Italia, aliyehamia Marekani mwaka 1939 na kuwa mwalimu MIT, alikuwa akilihangaikia suala hilohilo. Wote wawili walipata mbinu zinazokaribia ubora, lakini hawakuweza kuthibitisha kwamba hakuna iliyo bora kuliko hizo.

Mwaka 1951 Fano alifundisha somo la nadharia ya habari. Aliwapa wanafunzi hiari: wafanye mtihani wa mwisho, au waandike insha ya kutatua tatizo moja. Tatizo lilikuwa kutafuta msimbo wa 0 na 1 ulio mfupi kuliko wote. Darasani alikuwemo David Huffman wa Ohio, kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 18 na kisha kutumikia katika jeshi la majini, kwenye manowari iliyosaidia kuondoa mabomu ya baharini katika maji ya Japani na China. Swali lilionekana jepesi, naye mtihani hakuupenda. Akachagua insha.

Miezi ikapita. Alijaribu njia moja baada ya nyingine, na kila mara alikwama palepale: msimbo anao, uthibitisho hana. Mtihani ukakaribia. Akaamua kuachana na insha na kuanza kudurusu, akachukua karatasi zake za hesabu kuzitupa kwenye kapu la taka. Ndipo jibu lilipomjia.

Shannon na Fano walianzia juu. Waliipanga orodha ya herufi kwa wingi wake, wakaigawa mafungu mawili yenye uzito unaokaribiana, kisha kila fungu wakaligawa tena. Huffman alianzia chini. Chukua herufi mbili zilizo adimu kuliko zote, uziunganishe, na kuanzia hapo zihesabu kuwa herufi moja yenye jumla ya wingi wao. Rudia hivyo mpaka kibaki kitu kimoja. Kila unapounganisha, upande mmoja upe 0 na mwingine 1.

Tujaribu kwa neno BARABARA. Lina herufi nane: A mara nne, B mara mbili, R mara mbili. B na R ndizo adimu, basi tunaziunganisha. Jumla yao ni nne. Kisha fungu hilo tunaliunganisha na A. Matokeo: A ni 0, B ni 10, R ni 11. Neno zima linaandikwa 100110100110, biti 12. Kama kila herufi ingepewa biti mbili sawasawa, tungehitaji 16. Tumeokoa robo, na hakuna kilichopotea: kwa kuwa hakuna msimbo unaoanza kama msimbo mwingine, mpokeaji anazisoma herufi moja baada ya nyingine bila kuwekewa nafasi katikati. Neno moja halina faida kubwa, lakini kurasa elfu moja zinayo.

Ubora wa mbinu hii si wa kukisia. Huffman alithibitisha kwamba, kwa msimbo unaoipa kila herufi alama zake, hakuna unaoweza kuishinda. Ilichapishwa Septemba 1952. Hakuisajili hataza. Leo mbinu yake inatumika ndani ya picha za JPEG, muziki wa MP3 na mafaili ya ZIP, hivi kwamba msomaji aliyetuma picha ya harusi kwa simu wiki hii karibu kila mara ameitumia insha ile ya darasani.

Fano hakuwa amewaambia wanafunzi kwamba tatizo hilo lilikuwa limemshinda yeye mwenyewe na Shannon pia. Huffman alisema baadaye kwamba angelijua hilo, huenda asingethubutu kujaribu. Walimu wanaweza kubishana kama ule ulikuwa uungwana au hila. Lililo wazi ni kwamba Fano hakuliweka swali gumu kando kwa ajili ya wakubwa. Alilipeleka darasani, na lilipojibiwa hakuogopa kupitwa na mwanafunzi wake.

Kalamu juu ya kioo

Shannon alirudi MIT kama profesa katika miaka ya 1950. Mmoja wa wanafunzi waliokwenda kumwomba awasimamie katika uzamivu ni Ivan Sutherland, aliyezaliwa mwaka 1938 huko Hastings, Nebraska. Sutherland alikuwa amezoea mashine tangu shuleni: akiwa kijana aliandika programu ya kugawanya kwa ajili ya SIMON, kikompyuta cha rilei kilichobuniwa na Edmund Berkeley. Alipita Carnegie kwa shahada ya kwanza na Caltech kwa uzamili kabla ya kufika MIT.

Kompyuta wakati huo zilitumiwa kwa kadi zilizotobolewa. Mtafiti aliandika programu yake, akakabidhi mkoba wa kadi kwa wahudumu wa mashine, akaondoka, akarudi baadaye kuchukua karatasi za majibu. Akiwa amekosea mkato mmoja, alianza upya. Kati ya mtu na mashine palikuwa na foleni.

Lakini katika Maabara ya Lincoln ya MIT, mjini Lexington, palikuwa na kompyuta iliyoitwa TX-2. Ilikuwa mashine ya majaribio, iliyosanifiwa na Wesley Clark na wenzake, na ilikuwa na mambo matatu ambayo ni nadra kuyakuta pamoja: kioo cha kuonyesha picha, kalamu ya nuru inayotambua nukta inayowaka mbele yake, na utaratibu wa kumwachia mtu mmoja mashine nzima kwa saa alizopangiwa. Sutherland alipewa saa zake.

Alichokitengeneza alikiita Sketchpad. Unaelekeza kalamu kwenye kioo, unabonyeza kitufe, unasogeza mkono. Mstari ulionyooka unakufuata mpaka ubonyeze tena. Kuchora huko tu kungetosha kwa tasnifu, lakini uzito wa kazi yake uko katika mambo mawili yaliyofuata.

La kwanza ni masharti. Ulichora mistari minne ovyo, ukaielekeza kwa kalamu, ukaiamuru mashine: hii iwe sambamba, hii isimame wima juu ya ile, zote ziwe na urefu mmoja. Umbo lilijinyoosha lenyewe mbele ya macho yako likawa mraba. Alichora fremu ya daraja, akaiwekea mzigo, na mashine ikamwonyesha nguvu inayobebwa na kila nguzo.

La pili ni mchoro mama. Ulichora kitu mara moja, kisha ukakitumia mara nyingi kadiri upendavyo, na kila nakala ilibaki imefungamana na asili yake. Sutherland alijaza kioo kwa pembesita zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kisha akarudi kwenye mchoro mama, akaubadilisha, na papo hapo uwanja wote wa pembesita ukageuka magamba ya samaki. Hakugusa nakala hata moja.

Tasnifu ilikamilika Januari 1963. Pamoja na Shannon, jopo la walioipima lilikuwa na Marvin Minsky, mmoja wa waasisi wa fani ya akili bandia, na Steven Coons, mhandisi aliyeota kompyuta zitakazowasaidia wabunifu wa mashine. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 26 tu, Sutherland alikabidhiwa ofisi ya utafiti wa kompyuta ya ARPA, wakala wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Hilo nalo lisifichwe: Maabara ya Lincoln ilikuwa ya utafiti wa kijeshi, na fedha zilizowalisha wanafunzi wengi tunaowataja hapa zilitoka katika bajeti ya ulinzi wakati wa Vita Baridi. Zilikuwa kodi za umma, zikitolewa kwa miaka mingi bila kudai bidhaa ya kuuza kila mwisho wa mwaka.

Gari, mkono na birika

Mmoja wa waliopata fedha hizo ni David Evans, aliyeanzisha idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Utah, Salt Lake City, mbali na vyuo vikongwe vya pwani ya mashariki. Mwanafunzi mpya, Alan Kay, alipofika mwaka 1966, Evans alimkabidhi nakala ya tasnifu ya Sutherland aisome kabla ya jambo lolote. Kay aliona katika mchoro mama na nakala zake namna mpya ya kuandika programu nzima. Alimaliza uzamivu mwaka 1969, na miaka michache baadaye, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule California, wazo hilo likazaa lugha ya Smalltalk, pamoja na madirisha yanayopandana kwenye skrini, kama tuyaonayo leo.

Mwaka 1968 Sutherland mwenyewe alihamia Utah. Yeye na Evans walianzisha kampuni yao mjini humo huku wakiendelea kufundisha. Swali lililowakusanya wanafunzi wao lilikuwa moja: kompyuta itaonyeshaje kitu kikaonekana kama kilivyo, chenye kina, kivuli na mng'ao?

Kwanza walihitaji vitu vya kuonyesha. Mwaka 1972 wanafunzi wa Sutherland waligeukia Volkswagen ya mke wake, lile gari dogo la mgongo wa mviringo. Waliichora mistari kwenye bati, wakagawa mwili wake vipande, kisha wakapima kwa rula nukta baada ya nukta na kuandika vipimo vyote kwenye karatasi. Ikawa miongoni mwa vitu halisi vya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa ukamilifu wa namna hiyo. Mwaka huohuo Ed Catmull, aliyekuwa amesoma kwa Sutherland, alijitengenezea kielelezo cha plasta cha mkono wake wa kushoto, akakichora vipembe 350 kwa wino, akavipima, na kwa kushirikiana na Fred Parke akatoa filamu fupi ya mkono unaokunja na kukunjua vidole.

Vitu vilipoingia, ikabaki kuvipaka nuru. Henri Gouraud, Mfaransa, alionyesha mwaka 1971 jinsi ya kulainisha umbo lililojengwa kwa vipande bapa: pima mwangaza kwenye pembe tu, kisha uuache upungue au uongezeke taratibu kutoka pembe hadi pembe. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, akaongeza hesabu ya ule mng'ao mkali unaouona kwenye tufaha au bati lililopigwa na taa. Alifariki mwaka 1975, akiwa kijana bado, na hesabu yake inafundishwa hadi leo kwa jina lake. Catmull naye, katika tasnifu yake ya mwaka 1974, alipendekeza kwamba kila nukta ya skrini itunze umbali wa kitu kilichochorwa hapo. Kinachokuja karibu zaidi kinafuta cha nyuma. Ilihitaji kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Iliposhuka bei, njia hiyo ikaingia katika michezo mingi ya kompyuta.

Mwaka 1975 Martin Newell, mwanafunzi mwingine wa uzamivu, alihitaji umbo la kujaribia programu zake. Mke wake akamshauri atumie vyombo vyao vya chai. Newell akachukua karatasi ya miraba, akachora birika jeupe lililokuwa mezani, akayageuza mapindo yake kuwa namba. Birika lilifaa kuliko gari: lina tumbo la mviringo, mdomo, mpini wenye uwazi, na linaweza kujitupia kivuli lenyewe. Kitako hakukiweka. Alizitoa namba hizo bure kwa yeyote aliyezitaka, na watafiti wa dunia nzima wakazitumia kulinganisha kazi zao. Birika lenyewe limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California.

Hesabu waliotoka katika idara hiyo moja. Catmull alikuwa miongoni mwa waasisi wa Pixar, kampuni iliyotoa Toy Story mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. John Warnock, aliyepata uzamivu mwaka 1969, ni mwasisi mwenza wa Adobe. Jim Clark, wa mwaka 1974, alianzisha Silicon Graphics na baadaye akawa mwasisi mwenza wa Netscape. Sutherland alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo, mwaka 1988. Kay akaipata mwaka 2003, na Catmull mwaka 2019.

Kazi iliyosomwa

Ni rahisi kusema hawa walikuwa na vipaji, na kweli walikuwa navyo. Lakini vipaji vipo kila mahali. Shannon alikutana na rilei kwa sababu mtu alibandika tangazo ubaoni. Huffman alipewa swali ambalo mwalimu wake hakuwa na jibu lake. Sutherland aliachiwa mashine nzima peke yake, ingawa hakuwa na cheo. Na kazi zao hazikuishia kwenye saini za watahini. Tasnifu ya Shannon ilichapishwa mwaka uliofuata. Insha ya Huffman ikatoka jaridani. Namba za birika zikagawiwa bure. Na tasnifu ya Sutherland ikawekwa mikononi mwa mwanafunzi mgeni siku zake za kwanza chuoni. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliitoa upya kwa njia ya intaneti mwaka 2003, na yeyote anaweza kuisoma leo bila kulipa senti.

Vyuo vyetu navyo hutoa tasnifu za kompyuta kila mwaka, nyingi zikihusu matatizo yetu wenyewe, kuanzia lugha zetu hadi mashamba na zahanati zetu. Zikishatetewa, zisifungiwe kabatini. Ziwekwe mahali zinaposomeka, pamoja na programu na data zake, na mwalimu azitaje kwa jina siku ya kwanza ya muhula. Mwanafunzi anayekuja ana haki ya kuanzia pale mwenzake alipoishia.